Foili si karatasi: jibu kwa msomaji aliyekuta matundu kwenye kifuniko cha mchuzi

Swali: Nilibakiza mchuzi wa nyanya kwenye bakuli la chuma kisichoshika kutu, nikalifunika kwa karatasi ya foili na kuliweka kwenye jokofu. Kesho yake foili ilikuwa na matundu madogo kama imechomwa na sindano, na juu ya mchuzi palikuwa na vidoa vya kijivu. Tulikuwa tumeshakula sehemu kabla sijaviona. Je, foili ilikuwa bandia? Tumekula sumu? Halafu, kwa nini upande mmoja unang'aa na mwingine umefifia, na ni upi unaopaswa kugusa chakula? Ningependa pia kujua kitu hiki hutengenezwaje.

Jibu: Ndugu muulizaji, foili yako haikuwa bandia. Kilichoitoboa usiku ule ni umeme. Bakuli, mchuzi na foili viliungana vikawa betri, na betri hiyo ikaila foili taratibu hadi asubuhi. Kuhusu sumu, tulia: kiasi mlichokula ni kidogo mno, na nitakipigia hesabu hapa chini ili usilazimike kuniamini kwa maneno matupu. Kuhusu zile pande mbili, tumia wowote.

Ningeweza kuishia hapo, lakini swali lako la mwisho, la jinsi inavyotengenezwa, ndilo linalobeba majibu ya yale mengine yote. Nimefanya kazi miaka mingi kando ya mitambo inayotoa kitu hiki, na naona makosa mengi ya jikoni yanaanzia kwenye jina. Tunaiita karatasi. Tunaikata, tunaikunja na kuitupa kama karatasi, kisha tunashangaa inapofanya mambo ambayo karatasi haiwezi kufanya. Foili ni metali. Takriban asilimia 98 yake au zaidi ni alumini, ya ukoo mmoja na alumini ya fremu za madirisha, na tofauti kubwa ni kwamba hii imekandamizwa hadi tabaka zake nne zikilaliana zinakaribia unene wa unywele mmoja.

Alumini imejaa ardhini kuliko metali nyingine yoyote. Ni kama asilimia 8 ya ganda la dunia. Hata hivyo haipatikani ikiwa peke yake. Imeshikamana na oksijeni kwa nguvu ambayo tanuri la kawaida la makaa haliwezi kuivunja, na ndiyo sababu binadamu walifua shaba na chuma kwa maelfu ya miaka bila kuijua alumini. Hans Christian Ørsted wa Denmark alipata chembe zake za kwanza mwaka 1825, na kwa miaka sitini hivi baada yake ilibaki kitu cha fahari. Mwaka 1884, Wamarekani walipomaliza mnara wa kumkumbuka George Washington, kileleni waliweka kipande cha alumini kisichofika kilo 3, na kabla ya kukipandisha walikionyesha kwa watu kama kito. Ishike akilini hamu hiyo ya alumini kwa oksijeni, kwa sababu tutakutana nayo tena ndani ya bakuli lako.

Malighafi yake ni udongo mwekundu au wa kahawia uitwao boksiti. Jina hilo limetokana na kijiji cha Les Baux kusini mwa Ufaransa, ambako Pierre Berthier aliuchunguza mwaka 1821. Boksiti husagwa na kuchemshwa kwa shinikizo ndani ya soda kali, njia ambayo Carl Josef Bayer aliibuni mwishoni mwa miaka ya 1880. Alumina, yaani alumini iliyounganika na oksijeni, huyeyuka ndani ya soda ile. Chuma na takataka nyingine hubaki chini zikiwa tope jekundu. Alumina ikishatengwa na kukaushwa ni unga mweupe mithili ya chumvi laini.

Kuitoa oksijeni ndani ya unga huo ndiko kulikowashinda watu. Alumina haiyeyuki hadi ipite nyuzi 2,000 za selsiasi. Mwaka 1886 vijana wawili wasiojuana, Charles Martin Hall wa Marekani na Paul Héroult wa Ufaransa, wote wawili waliozaliwa mwaka 1863, walifikia jawabu lile lile: iyeyushe alumina ndani ya madini mengine yaitwayo kriolaiti, ambayo huwa majimaji kwenye nyuzi 960 hivi, kisha pitisha umeme. Alumini huzama chini ikiwa uji wenye rangi ya fedha, nayo oksijeni hushika kaboni ya nguzo za umeme na kutoka kama hewa ya ukaa. Viwanda vinafanya hivyo hivyo hadi leo. Tani 4 hadi 5 za boksiti hutoa tani 2 za alumina, na hizo hutoa tani 1 ya alumini, huku kila kilo ikila umeme wa kilowati-saa 13 hadi 15. Kila ninapoona kipande kikubwa cha foili kikitupwa baada ya kufunika sahani kwa dakika kumi, huo umeme ndio unaonijia kichwani.

Sasa tuingie kwenye kazi yenyewe ya foili, ambayo ndiyo ninayoipenda.

Alumini tupu kabisa ni laini mno kwa kazi hii. Kabla ya kusubiwa, yaani kumiminwa kwenye kalibu, huongezwa chuma na silikoni kidogo, kila kimoja chini ya asilimia 1 au karibu na hapo. Kwa macho huoni tofauti yoyote, lakini nyongeza hiyo huifanya metali iwe na chembe ndogo ndogo zilizoshikana vizuri, na metali yenye chembe ndogo huvutwa bila kukatika. Kisha husubiwa kuwa mkuo mkubwa wa mstatili, ambao unaweza kuwa na unene wa sentimita 60 na uzito wa tani kadhaa. Mkuo hupashwa moto hadi nyuzi 500 hivi na kupitishwa kati ya rola nzito, mara nyingi, mbele na nyuma, mpaka uwe bamba la milimita chache. Viwanda vingine huruka hatua hiyo: humimina alumini iliyoyeyuka moja kwa moja kati ya rola mbili zinazopozwa kwa maji, ikatoka tayari ikiwa bamba la milimita 6 hivi. Njia hii ya pili ni nafuu na hutoa foili nyingi ya jikoni.

Baada ya hapo kazi yote hufanyika bila moto. Bamba huviringishwa kuwa koili na kupitishwa kwenye rola baridi, kama unga uliokandwa unavyosukumwa, isipokuwa hapa kila msukumo hupunguza unene kwa karibu nusu. Na kuna jambo ambalo unga hauna: alumini ikikandamizwa ikiwa baridi hukakamaa. Kadiri unavyoisukuma ndivyo inavyokuwa ngumu na yenye kuvunjika, kama waya unaokunjwa na kukunjuliwa. Hivyo koili hupumzishwa njiani. Huwekwa ndani ya tanuri la nyuzi 300 na kitu kwa saa kadhaa, chembe zake zijipange upya, ulaini urudi, kisha isukumwe tena.

Ikifika sehemu tatu za kumi za milimita, inaingia kwenye mtambo wa foili wenyewe. Hapo pana rola mbili za chuma, nyembamba, zilizosuguliwa hadi zikawa kioo, na juu na chini yake zimekandamizwa na rola nyingine mbili nene ili zisipinde katikati. Mafuta mepesi, yanayokaribia mafuta ya taa, humwagwa mfululizo kulainisha na kupooza. Koili hukimbia zaidi ya mita 1,000 kwa dakika. Ikikatika kwa kasi hiyo, metali hujirundika ndani ya sekunde chache, na kwa sababu mafuta yale hushika moto, mitungi ya hewa ya ukaa hukaa tayari juu ya mtambo kuuzima kabla haujasambaa. Fundi mzuri huisikia foili inapotaka kukatika kabla hajaiona. Mlio wa koili hubadilika.

Ukiendelea kupunguza unene unafika mahali ambapo kukandamiza zaidi hakuleti kitu. Chuma cha rola chenyewe huanza kubonyea pale kinapoigusa foili, na rola zinagusana kwenye kingo. Nguvu yote inaishia ndani ya rola. Kuanzia hapo fundi anaongoza unene kwa kuivuta koili na kwa kubadilisha kasi: mtambo ukienda haraka zaidi mafuta mengi zaidi huingizwa kati ya rola na metali, msuguano unapungua, na foili inatoka nyembamba zaidi. Nilipoelezwa hivi mara ya kwanza sikuamini, mpaka niliposimama mbele ya saa ya kupimia unene na kuiona namba ikishuka huku hakuna aliyegusa rola.

Hata ujanja huo una kikomo. Tabaka moja la foili lenye unene unaokaribia sehemu moja ya mia ya milimita halihimili mvuto wa mtambo, linachanika. Kwa hiyo msukumo wa mwisho hufanywa na koili mbili kwa pamoja. Foili mbili hulazwa mgongo kwa mgongo, katikati yake hupakwa mafuta kidogo, zikapitishwa kati ya rola kama foili moja nene. Zikitoka zinatenganishwa. Upande uliogusa rola zilizosuguliwa unatoka ukiwa kioo. Upande uliogusa foili mwenzake umetoka na vikwaruzo vidogo visivyoonekana, kwa sababu metali laini imekandamizwa dhidi ya metali laini nyenzake bila kitu cha kuinyoosha.

Hilo, ndugu muulizaji, ndilo jibu lote la pande mbili. Upande uliofifia haukupakwa dawa, na ule unaong'aa haukupigwa rangi. Ni metali ile ile na kemia ile ile. Wapo wanaosisitiza kwamba upande wa kung'aa uwe ndani ili urudishe joto kwenye chakula. Tofauti ya pande hizo katika kurudisha joto la oveni ni ndogo kiasi kwamba chakula chako hakitaitambua. Kuna foili ya namna moja tu ambayo upande wake una maana: ile iliyopakwa utando wa kuzuia chakula kisigande. Hiyo huandikwa kwenye boksi, na inapaswa kufuatwa.

Foili inayotoka kwenye mtambo bado haifai jikoni. Ni ngumu na kakamavu, ukiikunja hujikunjua, na ina mafuta ya rola. Huingizwa tanurini kwa mara ya mwisho, kwa muda mrefu na joto la taratibu, mafuta yakauke kabisa na metali ilegee. Ndipo inapopata tabia unayoifahamu, ya kukunjwa na kubaki palepale ilipokunjwa. Karatasi na plastiki hujirudi. Foili iliyolegezwa hairudi. Kwa upande mwingine, foili inayofunika mgongo wa pakiti za vidonge haihitaji tabia hiyo. Huachwa na ukakamavu wake makusudi, ili ukikisukuma kidonge kwa kidole ipasuke mara moja kwa mlio, badala ya kunyumbuka na kukizingira.

Mwisho hukatwa kwa upana unaotakiwa na kuviringishwa. Ya jikoni huwa na unene wa maikroni 10 hadi 18 (maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita), ile nene ya kuokea hufika 24 hivi, na nyembamba kuliko zote, ya kufungashia viwandani, ni maikroni 6 na kidogo. Hebu pima safari hiyo: mkuo wa sentimita 60 umepungua mara laki moja, na kilo moja ya alumini imetandazwa ikafunika karibu mita 58 za mraba.

Foili nyembamba namna hiyo huzaliwa na matundu. Ishike mbele ya taa gizani uone nyota chache. Ni pale ambapo kichembe cha uchafu au doa la mafuta limepita chini ya rola. Ikizidi maikroni 25 karibu hutaona tundu lolote. Hii ndiyo sababu wafungashaji hawaitumii ile ya maikroni 6 peke yake, huibandika kwenye plastiki au karatasi. Ila matundu yako hayakuzaliwa kiwandani. Yametokea jikoni, na sasa tunaweza kuyaeleza.

Kumbuka alumini inavyoitamani oksijeni. Mara tu inapokatwa au kukwaruzwa, uso wake hunyakua oksijeni ya hewani na kujifunika utando wa alumina wenye unene wa sehemu chache za milioni za milimita. Utando huo ni mgumu, umeshikilia sana, na ukiukwaruza unajirudishia mwenyewe papo hapo. Kwa hiyo metali yenye hamu kubwa hivi haimalizwi na kutu kama chuma: kutu yake ndiyo ngao yake. Lakini ngao hiyo ina maadui wawili, asidi na alkali. Nyanya, ndimu, siki na matunda machachu huiyeyusha upande mmoja. Sabuni kali na soda huiyeyusha upande mwingine. Chumvi nayo huitoboa hapa na pale.

Mchuzi wako ulikuwa na nyanya na chumvi, lakini hizo peke yake zisingeitoboa foili kwa usiku mmoja ndani ya jokofu. Kilichoongeza kasi ni bakuli. Ukiweka metali mbili za aina tofauti ndani ya majimaji yenye chumvi au asidi, na metali hizo zikagusana mahali fulani, umetengeneza betri. Foili iliulalia mchuzi katikati na kuukumbatia mdomo wa bakuli pembeni. Elektroni, yaani chembe za umeme, zikatiririka kutoka kwenye alumini, kupitia ule mdomo, kwenda kwenye chuma, na kila alumini ilipotoa elektroni ikaacha foili na kuingia kwenye mchuzi. Katika jozi hiyo anayeliwa ni alumini siku zote. Chuma hubaki salama. Tazama vizuri utaona matundu yako pale tu foili ilipogusa mchuzi, na kwingine foili ni nzima. Vidoa vya kijivu ni alumini hiyo hiyo iliyogeuka kuwa chumvi na hidroksidi zake.

Ukitaka kuthibitisha, gawa mchuzi kwenye vyombo viwili, kimoja cha kioo na kingine cha chuma kisichoshika kutu, uvifunike vyote kwa foili inayogusa chakula. Asubuhi foili ya chombo cha kioo itakuwa nzima au imefifia kidogo, na ya chombo cha chuma imetoboka. Kioo hakipitishi umeme, kwa hiyo mzunguko haukamiliki. Vivyo hivyo kwa plastiki, udongo wa kuchoma na chombo chenye enameli isiyobanduka.

Sasa hesabu niliyokuahidi. Foili yenye unene wa maikroni 16 ina uzito wa gramu 43 kwa kila mita ya mraba. Tuseme matundu yako yalikuwa kumi, kila moja na upana wa milimita 2. Eneo lake lote halifiki theluthi moja ya sentimita ya mraba, na alumini iliyokuwepo hapo ni miligramu 1.4 hivi. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya iliweka mwaka 2008 kiwango cha miligramu 1 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa wiki. Kamati ya pamoja ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na afya iliweka miligramu 2 mwaka 2011. Mtu wa kilo 60, kwa kipimo kilicho kikali zaidi, ana nafasi ya miligramu 60 kwa wiki. Na katika alumini inayomezwa, inayopenya tumboni hadi kwenye damu ni chini ya asilimia 1. Iliyobaki hutoka na choo, na ile iliyopenya hutolewa na figo.

Kwa hiyo hamkula sumu. Lakini sitaki jibu hili ligeuke ruhusa. Alumini haina kazi yoyote mwilini tunayoijua, na tayari tunaipata kwenye majani ya chai, mboga na baadhi ya viungo vya kuumulia unga. Mlo mmoja si tatizo. Ninachokipinga ni mazoea ya kuhifadhi vitu vichachu ndani ya foili kila siku, hasa kwa watoto, ambao kilo zao ni chache na kiwango chao ni kidogo vilevile. Anayepaswa kuwa mwangalifu kuliko wote ni mgonjwa wa figo. Katika miaka ya 1970 wagonjwa waliokuwa wakisafishwa damu kwa mashine waliathirika ubongo kwa sababu maji yaliyotumika yalikuwa na alumini na figo zao hazikuweza kuitoa. Tukio hilo lilichochea sana hofu kwamba foili huleta ugonjwa wa Alzheimer. Tafiti nyingi zimefanywa tangu hapo, na hadi sasa hazijathibitisha kwamba alumini ya kwenye chakula husababisha ugonjwa huo.

Kivitendo, vyakula vikavu, mikate, nyama isiyotiwa siki wala ndimu, viazi na samaki visivyo na uchachu vifunge bila wasiwasi. Chakula kichachu au chenye chumvi nyingi kiweke kwenye kioo, na ukitaka kukifunika kwa foili hakikisha haikigusi. Nyama uliyoiloweka kwenye ndimu ukitaka kuioka ndani ya foili, tanguliza karatasi ya kuokea.

Kwenye oveni foili haina hatari ya kuyeyuka, kwani alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660. Juu ya makaa yanayopulizwa joto linaweza kupita hapo, ndipo foili inapotoboka na kumomonyoka. Usiitandike kwenye sakafu ya oveni, inazuia joto kuzunguka na inaweza kuharibu enameli. Kwenye maikrowevu ondoa, labda kama maelekezo ya mashine yako yanaruhusu vinginevyo: umeme hujikusanya kwenye ncha za mikunjo na kurusha cheche. Huenda umeshajiuliza kwa nini foili iliyotoka ovenini unaweza kuibandua kwa vidole huku sufuria ikikuunguza. Zote zina joto sawa, ila foili haina uzito wa kubeba joto la kutosha kukuunguza. Inapoa kabla ngozi haijalalamika. Mvuke unaotoka chini yake ni kitu kingine, huo unaunguza kweli.

Kabla ya alumini, kazi hii ilifanywa na foili ya bati, ambayo ilikakamaa upesi na kuacha ladha kwenye chakula. Foili ya alumini ilianza mwanzoni mwa karne ya 20, na mwaka 1910 kiwanda cha Kreuzlingen nchini Uswisi kilianza kuitoa kwa koili isiyokatika. Mwaka uliofuata kampuni ya Tobler ya Bern ikaanza kufungia chokoleti zake ndani yake. Waliichagua kwa sababu ambayo bado inaipa nafasi yake: haipitishi mwanga, oksijeni, unyevu wala harufu. Maziwa kwenye pakiti ya karatasi hukaa miezi nje ya jokofu kwa sababu yamechemshwa na kufungashwa bila vijidudu, na kwa sababu kati ya matabaka ya karatasi na plastiki kuna ile foili ya maikroni 6 inayozuia mwanga na hewa.

Na jikoni ni sehemu ndogo ya habari yake. Foili ndiyo inayounda mapezi ya viyoyozi, yaani vile vibamba vyembamba vilivyopangwa ndani yake, ikigawa joto kwa hewa inayopita. Nyaya za mawasiliano huvishwa foili kuzuia mawimbi yasiingiliane. Mwezi Julai 1943 ndege za Uingereza zilimwaga juu ya Hamburg vipande vingi vya karatasi vilivyobandikwa foili, vimekatwa kwa urefu unaolingana na nusu ya wimbi la rada za Kijerumani, na skrini za rada zikajaa ndege zisizokuwepo. Ndani ya kapasita, yaani vipuri vinavyotunza chaji kwenye vifaa vya umeme, kuna foili safi sana iliyochimbwa kwa asidi ili uso wake uongezeke mara nyingi, na ule utando wa alumina tuliouona ndio unaotenganisha chaji. Kile ulichokiona kama udhaifu kwenye mchuzi, mhandisi amekifanya kazi. Simu uliyoshika pia ina foili: katika betri ya lithiamu, upande chanya hupakwa juu ya foili ya alumini na upande hasi juu ya foili ya shaba. Alumini isingefaa upande hasi, kwa kuwa lithiamu ingeingia ndani yake na kuibomoa.

Tahadhari moja kuhusu vinavyofanana nayo. Pakiti nyingi za vitafunio na blanketi za dharura zinazong'aa si foili. Ni plastiki iliyopuliziwa mvuke wa alumini, na metali iliyomo ni kidogo mno. Ifinyange ndani ya ngumi kisha uiachie: foili hubaki donge, plastiki hujikunjua yenyewe.

Kipimo hicho hicho kitakufaa unapotupa. Kuyeyusha alumini iliyokwisha tumika kunahitaji kama asilimia 5 tu ya nishati ya kuitoa kwenye udongo, lakini foili ni nyembamba kiasi kwamba vipande vyake vikiingia tanurini kimoja kimoja, sehemu kubwa huungana na oksijeni na kuishia kuwa takataka ya juu ya uji. Basi suuza mabaki ya chakula, kusanya vipande vya wiki nzima, vifinyange pamoja viwe donge la ukubwa wa ngumi, ndipo uvipeleke panapokusanywa metali. Hata kile kifuniko cha mchuzi chenye matundu kiweke humo. Kilichobaki juu yake ni alumini ile ile, na kimepoteza miligramu 1.4 tu.